Ulizia Penye Mkuyu

Mtu mmoja alikuwa na mama mgonjwa na ndugu aliyesusa, na kwa muda mrefu alijifanya kwamba mambo hayo mawili hayahusiani. Jina lake Eladio. Alikuwa mfugaji wa ng'ombe katika Kosta Rika, nchi nyembamba iliyobanwa kati ya bahari mbili, na yeye aliishi upande wa machweo, kwenye mbuga kavu ambako miezi ya jua miti hupukutisha majani yote na vumbi huingia hadi kwenye chumvi ya mezani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amekaa mahali pamoja mpaka akadhani mahali hapo ndiyo nchi nzima.

Mdogo wake, Nicanor, aliondoka zamani kwa sababu ya fahali. Baba yao alipofariki aliacha ng'ombe wachache na fahali mmoja mwekundu, mwenye nundu inayomfika mtu begani, na kila ndugu aliapa kwamba baba alimwachia yeye. Walivutana hadi wakatukanana mbele ya watu, na matusi ya ndugu mnayajua yalivyo, hayachagui. Nicanor akafunga virago. Alisema hatatia mguu nyumbani mpaka fahali aletwe mlangoni kwake, akavuka milima kwenda upande wa mawio.

Mvua za mwaka ule zilipoanza, fahali akapigwa na radi akafa. Eladio hakupeleka habari. Kwanza aliona aibu, kisha akaona amechelewa mno, na mwisho akazoea kunyamaza, kama mtu anavyozoea kutembea na kijiwe ndani ya kiatu. Zizi likabaki tupu. Watu wa nyumbani wakaendelea kuliita zizi la fahali, na hata wageni walielekezwa hivyo: pita zizi la fahali, nyumba iko nyuma yake.

Sasa mama yao, Domitila, akaanguka kitandani. Macho yake yalikwisha kufa siku nyingi, na sasa mwili nao ukaanza kumuaga. Alikataa kupelekwa tena kwa daktari. Alisema, "Nataka niwasikie nyote wawili ndani ya nyumba hii kabla sijaenda." Alisema hivyo asubuhi, na jioni akarudia kana kwamba hakuwa amesema. Eladio akamtazama mkewe, Ramona, na Ramona akatazama pembeni. Hapakuwa na la kujadili. Namba ya simu ya Nicanor hakuna aliyekuwa nayo. Ilibidi kaka mtu aende mwenyewe.

Hapa yafaa mjue desturi ya nchi ile. Nyumba nyingi hazina namba, na njia nyingi hazina jina, au zinalo na hakuna anayelitumia. Mtu akikuelekeza kwake atakutajia kitu kinachojulikana na wote, kanisa au duka au mti, kisha akuambie ugeukie wapi kutoka hapo. Jirani mmoja, dereva wa lori la ndizi, alikuwa amewahi kukutana na Nicanor kule mbali. Akamwambia Eladio, "Ukishavuka milima ukateremka kwenye nchi ya migomba, ulizia penye mkuyu mkubwa. Toka mkuyuni fuata njia ya mtoni, nyumba ya mwisho ndiyo kwake." Eladio akaona mambo yamekuwa mepesi. Mchunga ng'ombe gani atashindwa kuuona mkuyu?

Akaondoka bila koti, maana ilikuwa miezi ya jua. Alidhani jua la kwao ni la wote.

Basi likapanda milima, na huko juu aliposhuka kungoja basi jingine akajikuta ndani ya wingu. Miti ilikuwa imevaa miti mingine. Kuvumwani, mimea ile kama ndevu, ilining'inia kwenye kila tawi, na maji yalidondoka kila mahali. Akauliza kama ni mvua. Wakamwambia hapana, mvua hainyeshi, hilo ni wingu tu limepita. Alisimama pale ameloa chapachapa kwa mvua isiyonyesha, asijue acheke au akasirike. Alipoteremka upande wa pili alikuta ziwa, na ng'ambo ya ziwa mlima uliochongoka ukitoa mvuke, na chini yake kijito ambacho maji yake yalichemka bila moto. Akatia mkono akautoa upesi. Kisha bonde la kahawa lenye watu wengi na pilikapilika, kisha kipito cha milimani chenye baridi iliyomfanya atetemeke mbele ya wageni, kisha msitu wenye majani mapana ambayo mtu angeweza kujikinga nayo. Kila alipodhani ameielewa nchi, nchi ikabadilika. Kichwa kikamzunguka. Akamgeukia abiria wa jirani akauliza kwa upole, "Samahani, bwana, huku bado ni Kosta Rika?" Yule bwana akamtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akamwonea huruma, akamgawia nusu ya chungwa lake.

Msiniulize wingu lile ni nini. Mnalijua, mmewahi kuloa ndani yake huku watu wakiwaambia mvua hainyeshi.

Nchi ya migomba ilikuwa chini, tambarare, na mvua ya kweli ilikuwa ikinyesha pale kana kwamba haijapata kusikia habari za miezi ya jua. Watu walisema lugha ya Eladio, lakini kwa lafudhi nyingine, na wali na maharage, chakula alichokula tangu utotoni, huku kilipikwa kwa tui la nazi. Akala. Kilikuwa kitamu, na utamu wenyewe ukamchanganya. Katika mji mdogo ambako basi lilimshusha akaulizia mkuyu mkubwa. Mtu akamwonyesha kwa kuchomoza midomo, kama walivyozoea kuonyesha, kuelekea kona yenye duka la matairi. Eladio akaangalia. Akaona matairi, na mwanamke akikaanga mihogo chini ya turubai. Hapakuwa na mkuyu. Akamuuliza mwingine, naye akachomoza midomo pale pale. Akaona wanamfanyia mzaha kwa kuwa ni mtu wa kuja.

Akapita kona ile, akaingia msituni kuutafuta mwenyewe. Mikuyu ilikuwepo, tena mikubwa kuliko yoyote aliyopata kuiona, mingine imekumbatia miti mingine hadi ikainyonga. Kila aliposimama chini ya mmoja alitafuta njia ya mtoni, akakuta matope. Akatoka. Akaulizia tena mjini, wakachomoza midomo kwenye matairi. Akapanda mtumbwi kwa watu waliosema huenda uko chini zaidi, wakapita mifereji ya maji meusi, kima wakiwapigia kelele juu ya vichwa, hadi kwenye mikoko, hadi maji yakawa chumvi. Wakamwacha ufukweni kwa wavuvi waliompa mkeka.

Asubuhi aliona jua likitoka baharini. Kwao jua huzama baharini, na ndivyo alivyojua maisha yake yote ni upande upi wa nyumba alale na upande upi afungie ng'ombe. Sasa hata bahari ilikuwa imegeuzwa. Eladio akakaa mchangani akalia, mtu mzima, mbele ya watu waliokuwa wakitengeneza nyavu zao. Akilini alimwona mama kitandani akisikiliza mlango. Alijiuliza kama Nicanor aliwahi kuwepo, au kama ni jambo waliloambiana nyumbani hadi wakaliamini. Hakujua kama kurudi ni kusonga mbele au ni kukata tamaa.

Akarudi, kwa sababu mtumbwi ulikuwa unarudi.

Yule mwanamke wa mihogo, Winifreda, alimwona akisimama tena kwenye kona, matope hadi magotini, akiangalia huku na huku. Hakuwa mtu wa subira, na mafuta yake yalikuwa motoni. "Wewe baba," akasema, "unatuuliza mkuyu kila ukipita, na umesimama juu yake. Ulikatwa kabla mimi sijaolewa. Lakini sote bado tunakatia kona hapa."

Eladio akaangalia miguu yake. Palikuwa na saruji iliyopasuka, basi. Akauliza, "Mbona basi mnautaja kana kwamba upo?"

Winifreda akageuza mihogo yake. "Tumezoea," akasema, akamwonyesha njia ya mtoni kwa midomo.

Akaifuata. Haikuwa mbali, alikuwa ameuzunguka mlango wa ndugu yake muda wote huo. Njiani neno la yule mwanamke lilimkaa rohoni likakataa kutoka. Alifikiri juu ya zizi tupu nyumbani, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akiwaambia wageni walipite, bila kucheka.

Nyumba ya mwisho ilisimama juu ya nguzo kwa ajili ya mafuriko. Nicanor alitoka akasimama juu ya ngazi. Alikuwa na mvi, na tumbo kidogo, na uso wa baba yao. Hakumsalimia kaka yake. Alitazama nyuma ya Eladio, njiani, akatazama sana, kama mtu anayetarajia kitu kikubwa kije polepole.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Alikufa, mdogo wangu," Eladio akasema. "Alipigwa na radi mwaka ule ule ulioondoka. Nilikuficha."

Nicanor akakaa kwenye ngazi. Mvua ikawanyeshea wote wawili na hakuna aliyejali. Eladio alingoja matusi. Aliyastahili na alikuwa tayari kuyapokea. Lakini Nicanor alionekana tu kama mtu aliyeamshwa katika chumba asichokijua. Mwisho akasema, "Nilikata miti nikamjengea zizi huko nyuma. Nalitengeneza kila mwaka, mbao zinaoza upesi huku. Sasa miaka yote hii nilikuwa nimekasirikia nini?"

Eladio akapanda ngazi akakaa kando yake. Akasema, "Mama anataka kutusikia." Nicanor akaingia ndani akachukua kofia.

Wakairudia nchi ile yote kinyume: msitu, baridi, bonde la kahawa, mlima wenye mvuke. Kwenye wingu Nicanor aliuliza kama mvua inanyesha, na Eladio akamwambia hapana, ni wingu tu, linapita. Mbugani walipokelewa na vumbi na ile miti mitupu, na Nicanor akashusha pumzi ndefu. Walipopita zizi hakuna aliyegeuza shingo.

Domitila alikuwa hai, lakini akili yake ilikuwa ikienda na kurudi. Ramona akamwambia wamefika. Wana wakapiga magoti, huyu huku na huyu huku, kila mmoja akasema, "Mama, nimekuja." Sauti zao zilikuwa zimefanana kwa uzee; zote mbili zilikuwa sauti ya baba yao. Mama akanyoosha mkono akamshika Nicanor. "Eladio," akasema, "ahsante mwanangu kwa kukaa nami." Kisha mkono mwingine ukampapasa Eladio usoni. "Na wewe Nicanor, nilikwisha kukusamehe kuondoka. Ulikawia wapi?"

Ramona akafungua kinywa amsahihishe, na Eladio akamtikisia kichwa. Nicanor aliinamisha uso kwenye shuka akapokea shukrani ambayo si yake. Eladio, ambaye hakuwahi kuondoka, akasamehewa kuondoka, na alipoupima msamaha ule moyoni mwake aliona haukukosea mtu.

"Nilipotea, mama," akasema.

Mama alifariki kabla miti haijachipua. Wale ndugu walimzika pamoja. Siku moja baadaye, bila kuambiana, walishika shoka kila mmoja wakabomoa lile zizi, wakalifanya kuni. Wageni walihangaika kidogo kuipata nyumba, kisha wakaizoea kwa kitu kingine.

Nanyi mnaonisikiliza, kuna nyumba mnazizunguka, na kila mmoja wenu anajua jina la mwenye nyumba. Ule mti unaowafanya mkate kona kabla ya mlango wake, ni nani kati yenu aliyekwenda kutazama kama bado umesimama?