Mwenye Mashine Aliyekataa Msaada wa Bure

Wapendwa, leo nataka niwasimulie habari za mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga. Jina lake silitaji, na usharika wake siutaji pia, maana nawajua vizuri, mtaanza kugeuka kuangalia nani ameinamisha kichwa.

Huyu bwana alikuwa na mashine yake ya kusaga na kukoboa pale njia panda ya sokoni. Ukimkuta kazini alikuwa mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na akipiga chafya unga ulitoka. Mkewe alimwita Baba Atupele. Wateja wake walimwita Bosi, na hilo la Bosi ndilo lililomponza.

Mwaka mmoja mota ya mashine iliungua. Akakopa, akanunua nyingine. Kabla hajamaliza marejesho ya mkopo ule akachukua mwingine ili alipie wa kwanza, kisha akakopa kwenye simu ili alipie wa pili, na pale duka la vipuri akawa anachukua vitu kwa maneno matamu tu. Mnacheka? Naona wengine wenu hamcheki kabisa.

Mdai mkubwa kuliko wote alikuwa mama mmoja anayekopesha ile mikopo ya riba kubwa tunayoiita kausha damu. Mama huyo hakuchukua dhamana ya nyumba wala ng'ombe. Alichukua dhamana ya mota yenyewe. Asipoona marejesho, anakuja na fundi, anaing'oa, anaondoka nayo. Na mashine ya kusaga bila mota ni chuma cha kuanikia nguo. Familia ile ilikula kwa mota hiyo, ilivaa kwa mota hiyo, watoto walisoma kwa mota hiyo.

Sasa, pale kanisani kwao palikuwa na kamati. Kila Jumapili baada ya ibada watu wachache waliketi kwenye darasa la watoto, na mwenyekiti wao alikuwa mama mmoja mtu mzima aliyestaafu uhasibu wa chama cha ushirika. Yeyote mwenye madeni alikwenda akawaeleza, wakapiga naye hesabu ya anachoweza kulipa, kisha wakafuatana naye kwa wadai kuomba riba ipunguzwe na muda uongezwe. Hawakutoza hata shilingi. Walitaka mambo mawili tu: useme madeni yako yote bila kuficha, na mwenzi wako awepo anasikia.

Mkewe alimwambia jioni moja wakila, "Baba Atupele, nasikia ile kamati inasaidia sana watu wenye madeni."

"Vizuri," akasema. "Iwasaidie hao wenye madeni."

"Na sisi?"

"Sisi akina nani? Kwani humu ndani nani anadaiwa?"

Wakati anauliza hivyo simu ilikuwa inaita mfukoni mwake. Akaiacha iite. Ikakata, ikaanza tena.

"Wamekosea namba hao," akasema.

"Wamekosea tangu asubuhi?" mkewe akauliza, kisha akamwongezea mboga. Ninyi akina mama mnaijua mboga hiyo.

Moyoni yule bwana hakuwa na amani. Lakini kila akilifikiria lile darasa, alijiona amekaa kwenye vibenchi vya watoto, magoti yamefika masikioni, ukutani picha ya safina ya Nuhu, na nje dirishani washarika wanapita wakisema, kumbe na Bosi naye! Akaona heri afe.

Ndipo akasikia kwamba mjini yuko mshauri wa madeni. Akapanda ngazi, akakuta ofisi ina kiyoyozi, ina sofa unalozama mpaka unasahau ulichofuata, na binti akamletea maji ya chupa yametoka kwenye friji. Mshauri mwenyewe amevaa suti. Akampa mkono wote, akasema, "Karibu, Bosi!" Basi, hapo mtu wetu alikuwa ameshanunuliwa.

Hata hivyo akili ilimjia kidogo. Akauliza, "Lakini mbona kule kanisani wanafanya hii kazi bure?"

Mshauri akacheka taratibu. "Bosi, wewe watu unawasagia bure?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nitakula nini sasa?"

"Haya. Na hao wa bure, wanakula nini? Watakula siri zako, Bosi."

Jamani, maneno yale yalimwingia! Akaona amepata mtu msomi. Hakuuliza mshauri atafanya nini ambacho kamati haifanyi. Hakuuliza pesa atakayoleta kila mwezi itaanzia kwa nani. Alilipa ada ya kufungua jalada, akaweka sahihi mahali palipowekwa alama, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Kila mwezi akawa anapeleka fungu lake mjini. Kichwani mwake madeni yalikuwa yanapungua, na nyumbani hakuna anayejua.

Na mtu akishajiona amepona, hufanya nini? Hujionyesha!

Mnajua mnada wetu wa baada ya ibada. Mtu analeta sadaka ya mayai, mwingine mkungu wa ndizi, na mzee wa kanisa anasimama pale nje kunadi. Jumapili hiyo aliletwa jogoo. Mwalimu mkuu wa shule akataja bei. Baba Atupele akapanda. Mwalimu mkuu akapanda. Watu wakaanza kushangilia, "Bosi! Bosi!" na yeye kila akisikia Bosi mkono unakwenda juu wenyewe. Alimchukua jogoo yule kwa bei ya mbuzi. Akamwinua juu kwa miguu, watu wakapiga makofi na vigelegele. Mkewe hakupiga makofi. Na nyuma kabisa, karibu na nguzo, alikuwepo mtu mwingine ambaye hakupiga makofi. Ni yule mama wa mikopo. Ndiyo, alikuwa msharika mwenzao. Mbona mnashangaa? Nao wanasali.

Jumatatu asubuhi, foleni ya ndoo za mahindi ikiwa imefika barabarani, mama akatokea. Nyuma yake fundi ana mfuko wa spana, na nyuma ya fundi guta la kubebea mzigo.

"Za asubuhi, Bosi. Jogoo hajambo?"

"Mama, karibu, kuna nini tena?"

"Nimefuata mota yangu."

"Mama! Si nalipa kila mwezi?"

"Unamlipa nani? Mimi sijaona hata senti."

Akacheka kwa kujiamini. Akatoa simu, akampigia mshauri, akaweka spika ili mama asikie mwenyewe na aone aibu. "Mshauri, hebu mweleze huyu mama. Zile pesa zangu za kila mwezi umezipeleka wapi?"

Simu ikajibu kwa upole kabisa. "Bosi, yale malipo ya mwanzo ni ada ya usimamizi. Iko kwenye mkataba uliotia sahihi. Wadai tunaanza nao baadaye."

"Baadaye lini? Fundi ameshafungua nati!"

"Pole sana, Bosi. Hiyo sasa ni dharura. Na dharura ina ada yake."

Wateja wote walisikia. Hata guta lilisikia. Mwenye mashine akakaa chini kwenye gunia la pumba, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwita Bosi.

Yule mama akamtazama pale guniani. Akamwambia fundi arudishe nati, lakini ule mkanda wa mashine auvue waondoke nao. "Nakungoja mpaka Jumapili," akasema. "Na nakungoja kwa ajili ya mkeo, si kwa ajili yako." Yule bwana hakuelewa mkewe ameingiaje hapo, na hakuthubutu kuuliza.

Wiki ile mashine ilikaa kimya. Wateja walipita na ndoo zao kwenda kwa jirani, na wengine walimsalimia kwa heshima kuliko zamani, jambo lililomuumiza zaidi. Atupele alipomuuliza kwa nini siku hizi hana unga kwenye nyusi, alikwenda kujifungia chooni akalia.

Jumamosi jioni alimkuta mkewe anachambua mchele. Akasimama pale mlangoni, akatoka, akarudi.

"Mama Atupele."

"Abee."

"Kesho... baada ya ibada... twende wote kwenye lile darasa." Akachuchumaa karibu naye. "Nadaiwa, mke wangu. Nadaiwa vibaya."

Mkewe hakupiga kelele. Aliendelea kuchambua mchele. "Sawa, mume wangu," akasema. "Vaa ile suruali yako pana. Vile vibenchi vifupi sana."

Jumapili wakaingia. Na kweli, magoti yalifika masikioni. Akaanza kutaja: wa mota, wa kulipia mota, wa simu, wa duka la vipuri. Kila akitaja mmoja alimtazama mkewe kwa wizi, akiona kama atainuka aondoke. Mkewe alikuwa ametulia.

"Umemaliza?" akauliza mwenyekiti.

"Nimemaliza."

"Hakuna mwingine?"

Akakuna kichwa. "Kuna mshauri wa madeni."

"Yeye anakushaurije?"

"Hanishauri, mama. Ananidai. Ada ya mwezi huu sijapeleka."

Kamati nzima ikainamia vitabu vya nyimbo. Katibu alikohoa mpaka ikabidi atoke nje.

Mwenyekiti alipoweza kusema, akasema, "Sasa mwanangu, sikiliza. Mkeo alikuja hapa kabla ya Kwaresima, wadai walikuwa wameshamfuata nyumbani. Wadai wako wote tumeshawaendea. Huyu mama wa mota alikubali kufuta riba na kupokea kidogo kidogo. Wa vipuri alikubali. Wengine nao wamekubali kungoja. Kila kitu kilikuwa tayari, tukakwama mahali pamoja tu: deni si la mkeo. Ilikuwa lazima uje wewe useme ndiyo."

Mtu yule akamgeukia mkewe. "Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema mkewe. "Ukaniuliza, humu ndani nani anadaiwa."

"Na hizo pesa ulizopeleka mjini," mwenyekiti akaongeza, "ungezipeleka kwa wadai, leo deni la vipuri lingekuwa limekwisha, na la simu lingekuwa ukingoni. Mama wa mota alishavumilia mpaka basi. Ulipoinua mkono kwenye mnada akaona unamchezea."

Akatazama magoti yake. Miezi yote ile alikuwa amelipia kitu kilichokwisha kufanyika.

Sasa wapendwa, msitoke hapa mkasema mchungaji amesema kila anayetoza ada ni mwizi. Sijasema hivyo. Fundi analipwa, daktari analipwa, na wapo wanaotoza kwa haki. Lakini ukiwa unazama kwenye madeni, kabla hujaweka sahihi uliza swali moja dogo: shilingi yangu ya kwanza inakwenda kwa ninayedaiwa naye, au kwa anayeniombea? Kazi ni ileile. Mmoja anakuombea muda, na mwingine anakuombea muda. Ila wa bure, kila unachotoa kinakwenda kwenye deni. Wa ada anakula kwanza, deni linasubiri, na wewe unapiga mluzi.

Lakini hebu tujiulize, kwa nini yule bwana alimkimbia wa bure? Ni kwa sababu wa bure ni dhaifu? Hapana! Ni kwa sababu wa bure alimtaka aseme ukweli. Kule mjini alinunua sofa la kujifichia. Na sisi je? Sisi hatuko hivyo na Mungu? Tunafunga ili watu wajue tumefunga. Tunanunua mafuta ya upako kwa foleni. Tunatoa sadaka ya kuonekana, tunaahidi mabati ya kanisa kwa sauti kubwa. Tunalipa, tunalipa, kwa sababu anayelipa haombi, na asiyeomba hana haja ya kupiga magoti. Na kumbe jambo letu lilikwisha kusemwa kwa Baba zamani sana, kwa damu, na halidai ada. Limebaki pale pale linangoja mwenye deni aje aseme, ni mimi.

Na sasa nasema na wewe mmoja. Simu yako umeizima tangu uingie humu, na si kwa ajili ya ibada. Umekaa pembeni ya mtu ambaye ameshajua, na ameshakulilia mbele za Mungu, na bado kila usiku anakuuliza "kuna nini?" unamjibu "hakuna kitu." Usinitazame mimi. Geuka umtazame yeye, umwambie sasa hivi. Sisi wengine tutafumba macho.