Gari la Kobe na Mafuta ya Nazi

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahaulika, Lushoto palikuwa na gari la Kiingereza la miaka ya sitini, gari la mbio na la fahari, viti vyake ngozi tupu. Puani lilikuwa na nembo ya kobe! Watu wakacheka: kobe gani huyu anayeupita upepo? Mwenyewe alipofariki, likalala bandani.

Siku moja mjane wake, Mama Shekigenda, akatangaza: "Atakayelifikisha sokoni likinguruma, ni lake!"

Bi Zaina, jirani mcha Mungu, akashika kifua. Ndiye aliyelitunza. Alifukuza panya, alifukuza kuku, na kila Ijumaa baada ya sala alilipaka mafuta ya nazi lisishike kutu. Alilipenda, Mola amsamehe, kuliko vyungu vyake.

Akamwita fundi Shemdoe. Shemdoe akasafisha kabureta, akabadilisha mipira ya injini iliyopasuka, akawasha. Ngurumooo! Kuku juu, watu nje! Kwa furaha fundi akaanza kucheza, breki hakuzikagua.

Kaniki, dereva wa lori aliyekuwa kati ya watu hao, alikwisha kurukia usukani.

"Ngoja, we Kaniki!"

"Kobe hangoji, fundi!"

Bi Zaina naye akajitupa kiti cha pembeni. Gari likashuka mlima. Kaniki akakanyaga breki. Wapi!

"Zinateleza! Nani kazipaka mafuta?"

"Mimi, mwanangu! Nilipaka kila chuma nilichokiona!"

"Basi piga shahada, mama!"

Kaniki akashusha gia, akakata kona, akakwepa mbuzi, akaingia sokoni, puu! Ndani ya lundo la kabichi. Wazima wote. Na injini bado inanguruma.

Mama Shekigenda akafika akihema, Shemdoe nyuma yake. Wote watatu wakamzunguka.

"Nimelifikisha mimi," akasema Kaniki.

"Ungelifikisha kwa kulisukuma?" akafoka Shemdoe. "Nimelifufua mimi!"

"Fundi gani hakagui breki?"

"Na dereva gani haambiliki?"

Bi Zaina akafuta machozi. "Nakiri, mafuta yangu nusura yatuue. Mola anajua nilidhani naliponya. Lakini bila mimi, fundi, ungewasha nini? Kiota cha panya?"

Mama Shekigenda akawatazama, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja kalitia gari uhai. Kila mmoja nusura aliue.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msiangalie chini: gari lile lingekuwa lenu, mngempa nani?