Mgeni Aliyenyimwa Ngoma ya Njia

Kabla ya mambo haya kutokea, mbugani hakukuwa na ndege aitwaye mumbi. Alfajiri ilikuwa mali ya jogoo na ya fisi aliyechelewa kurudi kwake, na hakuna aliyeshtuka usingizini akidhani amesikia ngoma. Huyu ndege mkubwa mweusi mnayemwona leo akitembea na wenzake kwa hatua za heshima, utadhani wanaitwa barazani, hakuwa ndege. Alikuwa mtu, tena mtu mwenye kiti chake na nchi yake.

Wakati huo nchi ya Uhemeli ilitawaliwa na Mtemi Shigela, na ikulu yake ilikuwa na adabu nyingi kuliko ng'ombe. Mtemi hakuonekana akila. Watemi wawili walipokutana hawakusemezana wenyewe kwa wenyewe. Kila mmoja alikuwa na msemaji wake, na neno lilipita kwa wasemaji hao kwanza hata kama watemi walikuwa wamekaa goti kwa goti. Viti vyao vilipimwa kwa kamba ili kimoja kisizidi kingine. Na juu ya adabu hizo zote zilikuwapo ngoma mbili. Ngoma ya kupokea ilipigwa na mwanamume, mgeni alipofika mpakani. Ngoma ya njia ilipigwa na mwanamke, mgeni alipoaga, kwa sababu, walisema, anayejua kumtoa mtu aende ulimwenguni ni mama. Mgeni aliyeingia kwa ngoma alitoka kwa ngoma. Akienda bila kupigiwa, miguu yake itatembea lakini haitafika.

Mpigaji wa ngoma ya njia alikuwa mjane aliyeitwa Milembe. Mama yake aliipiga kabla yake, na bibi yake kabla ya mama yake. Kazi hiyo haikuwa na bwana: Mtemi aliweza kumwamuru kila mtu katika Uhemeli, lakini mkono wa mpigaji wa ngoma ya njia hakuuamuru. Milembe alijivunia jambo hilo kimyakimya, kama mtu anavyojivunia meno mazuri.

Mwaka ule mvua ilisusa. Mtama ulikauka ukiwa haujafika gotini, visima vikatoa tope, na njaa ikawakondesha watu hadi wanyampara, wasaidizi wa Mtemi. Na mnyampara akikonda, jua mambo yameharibika. Katikati ya kiangazi hicho Holo, mtoto pekee aliyembakia Milembe, akajifungua binti. Maziwa yalitoka kidogo, kisha yakakata. Milembe alichemsha mizizi, akamkanda mwanawe kifua, akaomba kwa mizimu yote aliyoijua majina. Kichanga kililia hadi sauti ikaisha, kisha kikawa kinafungua kinywa tu. Kinywa hicho kilichofunguka bila sauti kilimtia Milembe hofu kuliko kilio chochote alichowahi kusikia.

Hapo ndipo ulipoletwa ujumbe kwamba Mtemi Malunde, wa nchi iliyo ng'ambo ya mbuga, anakuja kufanya upya urafiki wa babu zake na Uhemeli. Wanyampara walishika vichwa. Mgeni wa kiti atalishwa nini? Mtemi Shigela aliwasikiliza wote, kisha akasema tu, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aliitamka methali hiyo kwa uchungu, na hakujua amesema nini.

Walikuja kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka. Kila mmoja alivaa joho jeusi lililomfika muundini, na ndani yake shuka nyeupe, kwa maana desturi ya kwao ilikuwa kwamba nyeupe ni ya siku ya kufika nyumbani na haionyeshwi ugenini. Shingoni walifunga kitambaa chekundu, alama ya safari ya kiti, ambacho hakifunguliwi mpaka safari iishe. Msemaji wa Malunde alikuwa mwanamke aitwaye Kabula; yeye alizidisha shanga za buluu juu ya wekundu ule, hapa kooni. Na nyuma yao lilikuja wingu.

Watu walilitazama. Wageni walipotembea, wingu lilitembea. Waliposimama mpakani kungoja ngoma, wingu nalo lilisimama, limeinama kama mtumishi aliyebeba mzigo. Ngoma ya kupokea ikalia. Malunde akainua mguu, akakanyaga ardhi ya Uhemeli, na tone la kwanza likaanguka juu ya kiatu chake cha ngozi.

Ilinyesha wakati wa kupokea salamu, ikanyesha wakati wa kupeana zawadi. Haikuwa mvua ya radi wala ya kubomoa kuta. Ilikuwa mvua ya subira, inayojua kazi yake. Mbegu zilizodhaniwa zimekufa zilichipua. Watu walicheza uani matope yakiwafika vifundoni, na hakuna aliyekumbuka kuona haya mbele ya wageni. Milembe aliporudi nyumbani alimkuta Holo amelala na kichanga kinanyonya, na kwenye pembe ya mdomo wake mdogo palikuwa na povu jeupe. Alikaa chini akalia.

Siku za ugeni zikatimia. Baraza likaketi, viti viwili sawasawa, na Kabula akasimama katikati akatamka maneno ambayo kila mmoja aliyangoja: "Mtemi wetu anaomba njia."

Milembe alikuwa tayari, ngoma kati ya magoti yake. Aliinua mikono. Mtemi Shigela aliitazama mikono ile, kisha akatazama nje, kwenye mtama uliokuwa umechomoza kidole kimoja tu juu ya udongo. Ndipo alipofanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mtemi barazani: alimruka msemaji wake akasema mwenyewe, kwa sauti ya kuomba.

"Mama Holo, mikono yako imechoka. Pumzika."

Hakumwamuru, kwani hakuweza. Milembe alikiona akilini kile kinywa kidogo kikifunguka bila sauti, akakiona na lile povu la maziwa. Akaishusha mikono yake mapajani. Tusiwe wepesi kumlaumu. Aliyeshiba huona njia zote zimenyooka. Lakini mikono ilikuwa yake, na aliishusha mwenyewe.

Tangu hapo ikulu ilijificha nyuma ya adabu zake. Leo mwezi haujakaa vizuri. Kesho shemeji wa Mtemi hajatoa salamu. Keshokutwa kuna dume linanoneshwa kwa ajili ya karamu ya kuagana, na dume lile lilinona hadi likashindwa kusimama. Wenzetu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Watu wa ikulu hawakumpa jembe. Walimpa kiti, wakakalia upindo wa nguo yake. Na wageni, kwa kuwa nao walikuwa watu wa adabu, walikaa.

Kila alfajiri walipiga ngoma yao ndogo waliyosafiri nayo, sauti nzito ya chini, ikipiga na kujibiwa, kuomba njia kwa namna inayoruhusiwa mgeni. Milembe, aliyelala karibu na ikulu, alizoea kujifunika blanketi la ngozi masikioni. Asubuhi moja alishindwa kuvumilia, akaenda hadi kwenye nyumba ya wageni kuwasihi wapunguze. Wageni walikuwa wamesimama uani mvuani, wameinamisha vichwa. Ngoma yao ilikuwa imetundikwa chini ya upenu, imekunjamana kwa unyevu, na hakuna aliyeigusa. Sauti ilikuwa inatoka vifuani mwao.

Alirudi nyuma polepole. Baada ya hapo alianza kuona aliyokuwa hataki kuyaona. Sinia za ugali zilirudi jikoni zikiwa vilevile, lakini vyura waliokuwa wakikoroma uani walipungua, kisha wakaisha. Alimwona Kabula, yule mwanamke mwenye maneno mazuri kuliko wote, akiinama ghafla kando ya ukuta, na aliponyanyuka mkia wa mjusi ulikuwa unaingia mdomoni mwake. Kitambaa chekundu shingoni mwake hakikuwa tena na fundo. Milembe alitafuta kilipoishia na ngozi ilipoanzia, asipaone.

Alikuwa akipita na kikapu siku Malunde alipomzuia njia. Hakuwa na msemaji wake. Mtemi kusema na mjane njiani, uso kwa uso, lilikuwa kosa katika nchi zote mbili, na Milembe alipiga magoti matopeni kwa woga. Malunde akaongea kwa shida, akilitafuta kila neno kama mtu anayetafuta sindano kwenye nyasi.

"Mama, wingu hili ni la watu wangu. Hunifuata, halijui kubaki nyuma. Na kwetu nako kuna watoto."

Alifungua kinywa aongeze jambo. Kikafunguka, na hakikutoa sauti yoyote. Milembe alikijua kinywa kile. Alikuwa amekiona nyumbani kwake mwenyewe, na sasa alijua kwamba huko ng'ambo ya mbuga kuna bibi mwingine ameinama juu ya kichanga kingine, anatazama mbingu nyeupe zisizo na kitu.

Hakulala. Pambazuko lilimkuta ikulu, ameishusha ngoma ya njia kutoka mahali pake. Hakumwomba mtu ruhusa. Wageni walipomwona na ngoma ile walijipanga wenyewe, mmoja nyuma ya mwingine kama walivyoingia, Malunde mbele, wakainamisha shingo upande mmoja kusikiliza. Milembe aliinua mikono, akapiga.

Ngoma haikulia. Ilitoa sauti butu, kama kiganja kinachopiga tope. Mvua aliyoizuia isiondoke ilikuwa imeingia katika ngozi ya ngoma, ikailegeza hadi ikalala. Kila mpigaji anajua dawa yake: ngoma iliyolegea huoteshwa moto. Milembe alikimbilia jikoni, akakuta moshi tu. Alikimbia nyumba hadi nyumba akiomba ukuni mkavu, hata mmoja, na katika Uhemeli nzima, nchi iliyokuwa juzi tu ikipasuka kwa ukame, hapakuwa na ukuni mkavu. Alirudi akaisugua ngozi kwa majivu ya baridi. Akapiga tena, akapiga kwa ngumi, akapiga akiita majina ya mama yake na bibi yake. Wageni walingoja, shingo upande. Walimngojea muda mrefu kuliko adabu inavyodai.

Kisha Malunde akageuka, akakiinamia kiti cha mwenyeji wake, akatoka. Wengine walimfuata. Mtemi Shigela alikuwa amesimama mlangoni, na alijua hana neno la kuwazuia wala la kuwaaga, kwa hiyo alisogea wapite. Walipovuka lango walitanua majoho yao, na kwa mara ya kwanza watu wakaiona nyeupe ya ndani, ile ya kufika nyumbani. Iliwaka kidogo katika ukungu, kisha ikakunjwa. Waliothubutu kufuata nyayo zao matopeni walisema kwamba langoni zilikuwa za watu. Kwenye mti wa mwisho zilikuwa za vidole vitatu mbele na kimoja nyuma.

Wingu liliondoka nao. Mtama wa Uhemeli uliiva, kwa maana ulishakunywa vya kutosha, ukavunwa na ukaliwa, wala hakuna aliyesema ni mtamu. Mtemi Shigela aliweka sheria moja tu baada ya hapo, na hakutaka iandamane na karamu: mgeni akiomba njia, mwenyeji asimame.

Milembe hakuingoja sheria. Alikibeba kichanga cha Holo, ambacho sasa kilikuwa kizito na kina vishimo mashavuni, akakinusa utosini, akakirudisha kwa mama yake. Kisha akaifunga ngoma mgongoni, akawafuata wageni mbugani, ili ikikauka awapigie wafike kwao. Alipokuwa mbali nao jua liliiwamba ngozi vizuri, ngoma ikalia safi kabisa, lakini hawakuwa karibu kuisikia. Alipowakaribia, hata akaona wekundu wa shingo zao katika nyasi, mvua iliyokuwa juu yao ilimnyeshea na yeye, na ngoma ikalala.

Na tangu siku hiyo mumbi hutembea mbugani na wenzake, mweusi, shingo nyekundu, na jike akiwa na buluu kidogo kooni. Ana mabawa lakini hupenda kwenda kwa miguu, kama mjumbe wa kiti apasavyo, na nyeupe yake huionyesha tu anaporuka, akidhani amefika. Akilia, mvua haiko mbali, na ndiyo maana wazee wetu hawakubali auawe. Siku hizi, palipo na nyumba zenye madirisha ya kioo, huja akasimama nje akagongagonga kioo kwa mdomo wake. Watu wa mjini hucheka, wakisema anapigana na kivuli chake. Kwetu, aliye ndani huacha alichokishika akasimama, na mgeni akishasema "naomba njia" hatumwambii asubiri hata chai ichemke.

Ukiamka alfajiri, kabla ya jogoo, utawasikia: mmoja anaomba, mwingine anajibu, sauti nzito ya chini inayotembea ardhini hadi kitandani kwako. Usijifunike. Sikiliza hadi wanyamaze. Nyuma yao, mbali kidogo, katika mvua, utasikia kiganja kikipiga ngozi iliyolowa.