Chavala Mbeba Gogo na Lango la Itunda

Zama zile ambapo mlima huu ulikuwa bado haujapewa jina, na bonde lote mnaloliona dirishani lilikuwa mbuga ya nyati na matete, alizaliwa Chavala, mwana wa Mhulo mfua chuma, mwana wa Lugono aliyeikimbia njaa ya kusini, mwana wa Kidasi ambaye kaburi lake hatulijui. Na mama yake alikuwa Semlowe, mkunga, binti wa watu wasiokuwa na ng'ombe wala ngoma ya kifalme.

Kwa maneno hayo Bibi Nyambilo, mtunza makumbusho ya Itunda, huanza kusimulia kila anapowakaribisha wageni katika chumba kile kimoja chenye paa la bati, kilichojengwa katikati ya uwanja wa vita vya kale. Na ndivyo alivyoanza siku ile akina Mgaya walipomleta Lwiza, mchumba wa kijana wao Tagile, kwa kuwa ni desturi ya Watunda kwamba yeyote anayeoa au kuolewa kwao huletwa hapa kwanza asikie habari za Chavala, kisha huulizwa kama bado anataka kuingia. Lwiza alitoka bonde la Lihanga. Wote mle ndani walijua maana ya jambo hilo, na yeye mwenyewe alilijua, akasimama karibu na mlango, kanga ameikaza mabegani kama mtu anayesikia baridi.

Bibi hakumpunguzia neno. Akaendelea.

Siku hizo hapakuwa na Watunda. Palikuwa na koo tatu zilizofukuzwa makwao na wawinda watu, koo zisizoelewana lugha vizuri na zilizokuwa zikiogopana, zikikimbia kuelekea magharibi na watoto mgongoni, mpaka zikafika ukingo wa mto Mkewe ukiwa umefurika. Nyuma moshi wa vijiji vyao ulikuwa ukionekana. Hapo ndipo Chavala, aliyekuwa kijana ambaye ndevu hazijajaa, aliposokota kamba ya magome, akaufunga mwisho wake kwenye mti wa ukingo huo, akaogelea na mwisho wa pili, na alipokuta ng'ambo ya pili hapana mti wala jiwe la kuufungia, akaizungusha ile kamba begani mwake, akazika miguu yake katika tope, akasimama. Koo tatu zikavuka zikiishika kamba ile tangu asubuhi mpaka jua likainama, wazee, wajawazito, vipofu, na mbuzi waliobaki. Kamba ilimla nyama mpaka mfupa. Hakuna aliyemsikia akilalamika, ila mama yake, aliyevuka wa mwisho, alimkuta anatafuna ulimi na damu inamtoka mdomoni. Tangu siku hiyo wakamwita Bega la Wengi.

Wakapanda mlima huu, wakajenga ngome ya mawe na miti. Lango la ngome lilifungwa kwa gogo la mninga ambalo wanaume sita walishindwa kulitoa msituni, naye akalileta peke yake, akilipumzisha njiani mara kwa mara na kulibeba tena. Ndipo lile jina la pili, Mbeba Gogo, lilipoanza. Gogo lenyewe ndilo hili mbele yenu. Upande huu limepasuka, na doa hili jeusi tumekatazwa na wazee wetu kulisugua.

Katika bonde la Lihanga alitawala Ngwilizi, Fisi wa Njia Zote, mtemi aliyewauza jirani zake mpaka jirani wakaisha, kisha akaanza kuwauza watu wake. Aliposikia kwamba juu ya mlima kuna watu wengi wenye nguvu waliojikusanya mahali pamoja, alifurahi kama mtu aliyevuniwa shamba. Alikuja na jeshi lenye mikuki na bunduki chache, na mbele ya jeshi aliwatanguliza mateka wake, wamefungwa miti ya panda shingoni, ili mishale ya ngome iwapate wao kwanza.

Asubuhi alipofika, Semlowe hakuwa ngomeni. Alikuwa ameitwa shambani, chini kule penye matete, ambako mwanamke mmoja aitwaye Mwitike alishikwa na uchungu akipalilia. Mtoto alipotoka tu, walisikia vishindo vya jeshi. Mwitike ndiye aliyesimulia baadaye kwamba mkunga yule hakukimbia. Alimlaza yeye na kitoto chake ndani ya matete, akawafunika kwa majani, akamwambia ampe mtoto titi asilie, kisha yeye akatoka wazi, akatembea polepole kwenye njia, mbali na mahali pale, akiimba kwa sauti ili wamwone. Wakamwona, wakamfunga kamba. Mtoto yule wa matete ndiye aliyemzaa bibi wa bibi yangu, na kwa hiyo mimi ninayesema nanyi ni deni la Semlowe.

Hapo Lwiza aliinua uso, akauliza kwa sauti ndogo kama waliomfunga mkunga yule walikuwa watu wa kwao.

"Walikuwa wa kwenu," Bibi alimjibu. "Wa ukoo wenu hasa."

Lwiza akaitikia kwa kichwa. Tagile alitaka kumshika mkono, lakini shangazi yake alimzuia kwa macho, maana saa hiyo mgeni huachwa asimame peke yake.

Ngwilizi alipojua kwamba aliyekamatwa ni mama wa Chavala, alimleta mbele ya lango, hapo nje penye alama ya mawe meupe. Akatangaza kwa sauti kwamba hataki vita. Anataka vijana wote wa kike na wa kiume, na wazee atawaachia mlima wao. Lango lisipofunguliwa, mkunga atakatwa kidole baada ya kidole, kiungo baada ya kiungo, na kazi hiyo haitaharakishwa.

Ndani ya ngome wakagawanyika. Wapo waliosema lango lifunguliwe kwa heshima ya mama yule, maana nani angekuwa na uso wa kumkataa? Wapo waliokaa kimya wakiwakumbatia watoto wao, na kimya chao kilikuwa kinasema usifungue. Chavala alipanda juu ya ukuta na mkuki wake, akamtazama mama yake aliyekuwa amepigishwa magoti, kilemba kimemwanguka, mvi zake ziko wazi mbele ya wanaume.

Semlowe ndiye aliyeanza.

"Chavala, baba, unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

"Wengi waliomo humo nimewapokea kwa mikono hii. Usiwatoe kwa ajili yangu."

"Sitawatoa, mama."

"Na mimi usiniache mikononi mwa hawa."

Jitu lile lililosimama mtoni bila kulia, lilijifanya halikuelewa, ndivyo walivyosimulia waliokuwa karibu naye. Akamuuliza mama yake anamwagiza nini.

"Umeelewa, mwanangu," Semlowe alisema. "Nilikuzaa kwa uchungu mwingi, sikukuonea kinyongo. Na wewe sitakuonea kinyongo. Tupa sasa, mkono wako ukiwa bado na nguvu."

Ngwilizi alicheka, akidhani ni maneno ya kutishana. Kabla kicheko hakijaisha, mkuki wa Chavala ulikuwa umemwingia mama yake kifuani, na Semlowe akainama mbele taratibu kama mtu anayeokota kitu.

Wale wa Lihanga hawakujua wafanye nini, kwa sababu walikuja na silaha moja waliyoitegemea, nayo ilikuwa imeondolewa mikononi mwao. Chavala akashuka ukutani, hakuchukua mkuki mwingine wala ngao. Akaling'oa gogo la lango kutoka mahali pake, lango likafunguka lenyewe kwa uzito wake, naye akatoka amelibeba mbele ya kifua.

Aliyoyafanya hayasimuliwi kwa kujisifu katika nyumba hii. Alilivurumisha gogo kama mtu apurae mtama, na popote lilipopita hapakusimama mtu. Alipigwa risasi ubavuni akaendelea, akachomwa paja akaendelea. Koo tatu zikamfuata nyuma kwa majembe, kwa michi, kwa mawe ya kupikia. Nao mateka wa mstari wa mbele, waliokuwa wameyaona yote kwa karibu kuliko mtu yeyote, wakageuka na miti ile ile iliyokuwa shingoni mwao, wakawaangukia waliokuwa wakiwaswaga. Ngwilizi alikimbia mpaka kwenye kijito kile cha chini, na huko gogo lilimkuta. Hapo ndipo lilipopasuka.

Jua lilipotua, kijito hakikuweza kunyweka. Walikufa wa Lihanga, walikufa wa ngomeni, walikufa mateka ambao majina yao hakuna aliyewahi kuyajua, na wote walizikwa katika uwanja huu mnaoukanyaga mkija, bila kutenganishwa, kwa sababu Chavala alisema hana nguvu ya kuchagua. Semlowe alizikwa na Chavala mwenyewe. Alimchimbia kwa mikono, akakataa jembe, akakataa kusaidiwa, na jeraha la ubavuni likimwaga damu kaburini.

Kesho yake wakakusanyika, wakaleta ngozi ya chui, wakamwambia akae awe mtemi. Mateka waliofunguliwa nao walikuwepo, wamekaa pembeni, hawajui kama wamepata uhuru au wamebadilisha bwana tu. Chavala akasimama, akatamka maneno ambayo kila mtoto wa Itunda hufundishwa kabla hajaota meno ya ukubwani.

"Kuanzia leo hakuna koo tatu. Aliye na kwao na arudi salama, asiye na kwao hapa ndipo kwao, na asiulizwe tena alitoka wapi. Ninyi nyote ni Watunda, kwa kuwa mmenunuliwa kwa mtu mmoja. Lakini mimi msinikalishe kwenye ngozi hiyo. Mkono uliomuua mama hautaamua kesi ya mtu."

Wakalia, wakamsihi, wakamwambia kwamba aliagizwa, kwamba hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akawajibu kwamba hakuna anayemlaumu, anajua, na kwamba hilo halimsaidii.

Aliishi nao mpaka jeraha lilipofunga, akilala nje ya kila nyumba, asiingie yoyote. Hakugusa chuma tena. Mwitike alikuwa akimpelekea uji, na mara moja alimwekea kile kitoto cha matete mapajani. Chavala akakitazama, akakirudisha mikononi mwa mama yake. Mvua zilipoanza alionekana akishuka kuelekea mto Mkewe. Mwitike alimfuata kwa mbali, akamwona akiingia majini pale pale alipowahi kusimama na kamba, maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani, kisha ukungu ukashuka juu ya mto. Ulipoinuka hakuwapo. Walitafuta mpaka maporomoko ya chini. Hapana mwili, hapana nguo, hapana nyayo upande wa pili.

Bibi Nyambilo aliishia hapo, akapangusa mikono kwenye kanga yake. Kisha akamgeukia Lwiza, akamuuliza kama ilivyo desturi: amesikia, je, bado anataka kuingia?

Tagile alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nataka kuingia, bibi," Lwiza alisema. "Lakini nikijaliwa watoto, nitawaambia kwamba mmoja wa wale waliomfunga kamba mkunga yule ni babu wa babu zangu. Sitawaficha."

Wanawake wa akina Mgaya walitazamana. Bibi Nyambilo akamsogelea, akamweka mikono yote miwili kichwani, akasema kwamba Chavala aliagiza mtu asiulizwe alikotoka, lakini hakukataza mtu kusema mwenyewe. Ndipo wakatoka nje kwenda kumpeleka Lwiza kwa mama mkwe wake, wakikipita kile kijito kimya kimya.

Basi Watunda hawana mtemi hata leo, na kesi zao huamuliwa na baraza ambalo mwanamke mzee kuliko wote ndiye hutangulia kusema. Na mwanamume wa Itunda, akifika kwa mama yake, awe askari au awe ametoka tu kukata kuni, huweka chini kila chenye makali kabla hajabisha hodi; naye mama aliyemo ndani haitikii mpaka asikie chuma kikigusa ardhi.