Mgeni wa Bi Mwatumu

Tajiri Makungu alimkaba koo Bi Mwatumu amuuzie kiwanja cha bondeni, nyuma ya nyumba yake, apate kujenga ghala la saruji.

"Haya, chukua," Bi Mwatumu alisema mbele ya mwenyekiti wa mtaa, "ila nina mgeni wangu. Kila mwaka hupita hapo akienda mtoni. Ahidi kwamba hutamfungia njia."

"Mgeni?" Makungu aliangua kicheko. "Naahidi! Na apite na ukoo wake wote!"

Masika yakafika. Maji ya mlimani yakajaa ghalani, saruji ikaganda mawe. Makungu akaita mafundi wazibe mkondo, maji yarudi kwa bibi. Mwenyekiti akawazuia.

"Huyo ndiye mgeni wangu," Bi Mwatumu alisema kutoka barazani kwake, miguu mikavu. "Na ukoo wake huo, uliualika mwenyewe."