Sala Mbili Chini ya Bati Moja

Wapendwa, mimi nimetembea. Nimepanda vyombo vya kila aina, na karibu kila niliposhuka nimewaachia watu kichekesho. Sikilizeni hiki cha mwaka juzi.

Tulikuwa tunazunguka Ziwa Tanganyika kwa boti, matembezi tu, mimi na waumini wachache. Mvua ikatukamata, nahodha akakimbilia mji mmoja wa wavuvi. Sasa mimi kwetu ni Singida, na mvua kwetu inapigiwa vigelegele. Nikaruka kutoka botini, nikasimama mwaloni, pale boti zinapofikia, katikati ya watu, nikanyoosha mikono: "Bwana, asante kwa mvua! Tuongezee!"

Nikangoja "Amina." Nikafumbua macho. Mbele yangu mama mmoja ameinama mchangani, anakomba dagaa wake kwa mikono miwili, wamelowa chapachapa.

"Mchungaji," akaniuliza, "kwenu mnaanika nini?"

Nilitamani ziwa linimeze.

Tukamsaidia kubeba mabeseni hadi chini ya bati la soko la samaki. Dagaa wale walivuliwa usiku uliopita, akatuambia. Wasipoanikwa leo, kesho wananuka, na mtaji wake wote umo mle ndani. "Haya, sasa omba vizuri," akasema. "Omba jua."

Nikaomba jua, tena kwa bidii ya mtu aliyeaibika. Mvua ikazidi kupiga bati.

Upande wa pili wa soko waumini wangu nao wameanza sala yao, maana mikate tuliyobeba ilikuwa imegeuka uji mfukoni. "Baba, tupatie hata kidogo cha kutia tumboni!" Mnatuona? Huku tunaomba jua, kule wanaomba chakula, na katikati yetu mabeseni ya dagaa. Wote tumefumba macho!

Dada mmoja wa kwaya, ambaye hajawahi kumaliza sala bila kuchungulia, ndiye aliyetuokoa.

"Mama, hawa hawakaangwi wakiwa hivihivi?"

"Wanakaangwa. Lakini nani atanunua? Hapa kila nyumba ina dagaa."

"Sisi hatuna."

Mama akatutazama, mmoja mmoja, kama vile ndiyo kwanza tunaingia. Halafu akapaza sauti kwa jirani: "Lete jiko! Lete na mafuta!"

Ndugu zangu, sisi kuomba tunajua. Kuomba hatujambo kabisa. Lakini jibu la yule mama lilikuwa limejikunyata pale ukutani, limelowa, linanung'unika njaa. Na jibu letu lilikuwa limejaa kwenye beseni. Nani pale alikuwa hajajibiwa? Wewe unayemwomba Mungu akupatie fundi mwaminifu, umemsalimu huyo uliyekaa naye benchi moja, anayelilia kazi tangu Januari? Nawe unayetafuta mtu wa kushinda na mama yako mgonjwa, unamjua yule mjane wa safu ya nyuma, anayeogopa kurudi kwenye nyumba tupu? Tukishasema Amina, jamani, tufumbue macho. Tutazamane. Siku ile Mungu hakuleta jua. Alileta boti ya watu wenye njaa.

Basi tukanunua, tukala, tukaramba vidole. Abiria wa boti nyingine wakafuata harufu. Mimi mwenyewe nilirudia sahani mpaka mzee wa kanisa akakohoa. Beseni la mwisho lilikuwa ndiyo kwanza linaingia kwenye mafuta mvua ilipopungua, na nahodha wetu akaja anapiga makofi: "Haya, haya, abiria! Ziwa limetulia, tunaondoka sasa hivi!"

Mama hakuinua hata macho kutoka kwenye karai.

"Boti ondoka nayo," akamwambia. "Watu niachie."