Mtungi wa Pimbi na Mgeni Rasmi

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu waliokosa chakula cha mchana. Tena. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, afadhali. Leo nimechoka, nitasimulia nimekaa. Na nyie wakubwa mlioegemea ukuta mkijifanya hamsikilizi, nawaona. Hadithi hii ni ya watoto, lakini ni yenu zaidi.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na shule. Walikuwa na kengele, walikuwa na ubao, walikuwa na walimu. Na kila mwaka, kiangazi kikikaza, walikuwa na maonyesho ya sayansi ya kanda. Kila shule inaleta mwanafunzi. Kila mwanafunzi analeta kitu alichokibuni kwa akili yake. Majaji wanapita, wanagusa, wanauliza. Anayeshinda anapewa nafasi ya kuendelea na masomo katika Shule ya Mtoni. Nafasi yenyewe ni moja. Kanda nzima, moja.

Basi kulikuwa na shule huko Majabalini, shule ya mawe na upepo. Mwalimu wake alikuwa mmoja, Mwalimu Punda. Yeye ndiye hesabu, yeye ndiye sayansi, yeye ndiye mpiga kengele. Asubuhi anafundisha, mchana anabeba maji ya shule, jioni anasahihisha. Kuchoka kwa Mwalimu Punda hakukuwa kwa siku moja, kulikuwa kwa miaka. Ukimwuliza hali, anajibu, "Tupo." Humsikii akiongeza neno.

Mwanafunzi wake aliitwa Pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, mnene kidogo, hana hata mkia wa kujivunia, anaishi kwenye mawe. Ukoo wao una kazi moja: kulinda jabali. Mmoja anakaa juu ya jiwe, anaangalia angani. Tai akitokea, anapiga kelele, "Kwiii!" Wote wanaingia mapangoni, vup! Kukaa juani, kuangalia juu, kupiga kelele. Mama yake alilinda. Bibi yake alilinda. Na Pimbi, asipopata nafasi ya Mtoni, naye atapanda jiweni. Huo ulikuwa mwaka wake wa mwisho shuleni.

Pimbi hakutaka kupanda jiweni. Sitawaficha. Aliwapenda ndugu zake, lakini alitaka kusoma.

Sasa alibuni nini? Aliona walinzi wakipata kiu kule juu. Wakipanda na maji, maji yanakuwa moto kama chai. Wakishuka kunywa, Tai anapata nafasi yake. Pimbi akafikiri. Akajaribu, ikashindikana. Akajaribu tena, ikashindikana tena. Mwishowe akafinyanga mtungi mkubwa, akaweka mtungi mdogo ndani yake. Katikati akajaza mchanga. Mchanga akaulowesha chepechepe. Juu akafunika kitambaa kibichi. Upepo unapita, unyevu wa mchangani unatoka polepole, na ukitoka unaondoka na joto. Maji ya mtungi mdogo yanabaki baridi. Baridi ya kuuma meno!

"Ila chombo hiki hakitaki jua, Mwalimu," Pimbi alisema. "Kinataka kivuli na upepo."

"Kivuli kitapatikana," alijibu Mwalimu Punda.

Siku ikakaribia. Mwalimu Punda akajitwika mitungi upande mmoja, maji upande wa pili. Wakaondoka. Wakapanda, wakashuka. Wakapanda, wakashuka. Mitungi go, go, go mgongoni. Kila Pimbi akisema "Mwalimu, tupumzike," Mwalimu Punda anajibu, "Tukifika." Miguu ilimwuma, mgongo ulimwuma.

Wakafika asubuhi. Uwanja mpana, mweupe, hauna mti hata wa dawa. Kivuli kilikuwa kimoja tu, turubai kubwa limetandazwa juu ya meza kuu. Mezani kitambaa cheupe pe. Nyuma ya meza kiti kikubwa, kitupu.

"Samahani, tunaweza kuweka mtungi wetu hapo pembeni, kivulini?" aliuliza Pimbi.

"Hapo ni pa mgeni rasmi," alisema Korongo. Huyo Korongo ndiye aliyekuwa jaji mkuu, shingo ndefu, hatua za kupima. "Meza za wanafunzi ziko kule."

Kule ni wapi? Kule juani.

Korongo akapanda jukwaani, akasafisha koo. "Sheria ni hii. Hakuna kufungua, hakuna kuwasha, hakuna kuonyesha, mpaka mgeni rasmi afike. Atakayefungua kabla, ametoka mashindanoni. Mgeni rasmi wetu ni Mheshimiwa Tembo."

Makofi, pa pa pa! Na mshereheshaji, Chiriku, akarukaruka na kipaza sauti chake. "Mgeni rasmi yuko njiani!"

Wakasubiri.

Meza za wanafunzi zilikuwa tatu. Kwenye ya kulia alikuwa Tumbili, ameleta mlima wa udongo unaotoa moshi. Kwenye ya kushoto alikuwa Kwale, ameleta mayai ndani ya sanduku la mchanga wa moto, yanayojiatamia yenyewe bila mama. Tumbili akautazama mtungi wa Pimbi, akacheka. "Umeleta mtungi? Hata bibi yangu ana mtungi."

Pimbi alikuwa anaangalia jua. Jua lilikuwa linapanda, linaukaribia mtungi.

Mwalimu Punda akaliona. Akasogea akasimama kati ya jua na mtungi. Kivuli chake kikaanguka juu ya kitambaa kibichi.

"Mwalimu, utaungua."

"Wewe lowesha mchanga wako."

Jua likasogea, Mwalimu Punda akasogea. Jua likasogea tena, akasogea tena.

"Mgeni rasmi yuko njiani!" akalia Chiriku.

Nyie mmewahi kumsubiri mgeni rasmi? Inueni mikono. Naona mikono yote. Teremsheni, msichoke bure. Basi mnajua. Kwanza watu wanakaa wima. Halafu wanaegemea. Halafu wanaacha kuulizana saa. Watoto wa kwaya walioamshwa mapema wanaanza kusinzia wakiwa wamesimama, na hakuna anayethubutu kwenda haja, kwa sababu ukienda tu, ndiyo anafika.

"Yuko njiani wapi?" Kwale akauliza.

"Njiani," akajibu Chiriku.

Jua likafika utosini. Ardhi kau. Midomo kau. Maji ya kwenye madumu waliyokuja nayo wanafunzi yakaisha. Chini ya turubai kivuli kipo, kimelala peke yake, hakina mtu. Majaji wenyewe waliogopa kukikanyaga.

Mara, kwi kwi kwi! Sanduku la Kwale likatikisika. Mayai yakapasuka, vifaranga wakatoka, wakatawanyika uwanjani. Kwale akaanza kulia. "Mimi nimekuja kuonyesha mayai! Sasa nitaonyesha nini?" Hakuna aliyecheka. Nguvu za kucheka zilikuwa zimekwisha.

"Mgeni rasmi yuko njiani!" Sauti ya Chiriku sasa ilikuwa inakwaruza.

Hapo Pimbi akaona kivuli juu ya mtungi kinatikisika. Akainua macho. Mwalimu Punda alikuwa anayumba. Masikio yameanguka. Ulimi umetoka.

"Mwalimu?"

"Tupo," alisema Mwalimu Punda. Halafu akaanguka. Puu!

Vumbi likatimka. Pimbi akamkimbilia, akamshika kichwa. Pua ilikuwa kavu, moto kama kikaango.

"Maji!" akapiga kelele. "Jamani, maji!"

Nani ana maji? Hakuna. Uwanja mzima hakuna. Isipokuwa yale ya kwenye mtungi mdogo, ndani ya mtungi mkubwa, chini ya kitambaa kibichi.

Pimbi akaukimbilia mtungi.

"Usifungue," alisema Mwalimu Punda pale chini. Sauti ilikuwa ndogo. "Mwanangu, usifungue. Nimeubeba kutoka nyumbani. Anakuja sasa hivi. Usifungue."

"Ukifungua umetoka!" akasema Korongo kutoka jukwaani.

Pimbi akasimama na mkono juu ya kitambaa. Nisiwadanganye kwamba hakufikiri. Alifikiri. Aliiona Shule ya Mtoni. Aliliona jiwe, na jua la jiweni, mwaka baada ya mwaka, mpaka uzeeni. Aliogopa jiwe lile kuliko alivyomwogopa Tai. Moyo ulimwuma, na machozi yakamtoka.

Akafungua.

Akachota kata ya kwanza, akammiminia Mwalimu mdomoni, chururu. Mwalimu Punda alishtuka, akafumbua macho. Maji yalikuwa baridi kama ya alfajiri. Katikati ya uwanja ule, wakati ule, baridi! Akanywa. Akanywa tena. Masikio yakainuka kidogo.

"Umefanya nini, mwanangu?" alisema, na yeye akalia.

Kwale akasogea. "Na mimi kidogo tu." Pimbi akampa. Watoto wa kwaya wakasogea, akawapa. Chiriku akashuka jukwaani, akanywa bila kutangaza. Tumbili alikuja wa mwisho, anatazama chini. Pimbi akampa naye, kata nzima, hakupunguza.

Na Korongo je? Korongo alikuja na hatua zake za kupima. Akatumbukiza mdomo mrefu, akanywa, akafumba macho, akanywa tena mpaka mtungi ukalia kwa ukavu. Akajifuta.

"Maji mazuri," alisema. "Mazuri sana. Sijawahi kunywa maji kama haya juani. Lakini sheria ni sheria. Umetoka."

Mnaguna nini? Mimi pia niliguna niliposimuliwa. Ndivyo ilivyokuwa.

Jua lilipokuwa limeshalegea, ndipo ardhi ikatikisika. Ndi! Ndi! Ndi! Mheshimiwa Tembo akafika. Kwaya ikaamshwa. Makofi, pa... pa... pa. Akaketi katika kiti kikubwa, turubai likamfunika. Akajipepea kwa masikio.

"Safari ilikuwa ndefu," alisema. "Nilisimama hapa, nikasimama pale, watu wote wananitaka. Kabla ya yote nipeni maji ya kunywa."



Korongo akamtazama Chiriku. Chiriku akatazama kipaza sauti. Majaji wakatazama kucha zao.

"Hakuna maji?" aliuliza Tembo. "Uwanja mzima?"

Pimbi akajitokeza. Mdogo hivi, kichwa hakifiki kwenye meza kuu. Alikuwa hana tena cha kupoteza, na uchovu ulikuwa umemtoa woga.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Yalikuwepo. Ya baridi. Tumeyanywa tukikusubiri."

Mkonga wa Tembo ukateremka taratibu mpaka mezani. Hakuomba radhi, wakubwa wale hawana mazoea hayo. Ila hotuba yake, ambayo kila mwaka watu huisikiliza mpaka miguu inakufa ganzi, siku hiyo ilikuwa fupi, maana koo lilikuwa limemkauka. Nusu ya uwanja wakamshukuru Pimbi kimoyomoyo.

Tumbili akauwasha mlima wake. Ukafanya pfff. Moshi kidogo, basi. Lakini ndicho kitu pekee kilichobaki hakijafunguliwa wala kutoroka. Nafasi ya Mtoni akapewa Tumbili. Aliipokea bila kuruka, bila kucheka, akarudi kwenye meza yake, hakumtazama Pimbi machoni.

Mnataka niwaambie kwamba mgeni rasmi alibadili mawazo? Kwamba alimwita Pimbi akampa nafasi ya pili? Hakubadili. Nafasi ilikuwa moja.

Wakarudi Majabalini. Wakapanda, wakashuka. Mitungi safari hii aliibeba Pimbi mwenyewe, mmoja mmoja, anaweka huu, anaurudia ule. Mwalimu Punda hakuwa na mgongo wa kubeba kitu.

"Ungeniacha," alisema njiani. "Mimi nimeshachoka tangu zamani. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

"Ningesomaje huko, Mwalimu? Kila nikinywa maji ningekuona umelala pale."



Basi Pimbi akapanda jiweni. Akaweka mtungi pembeni, penye kivuli cha mwamba. Walinzi hawakushuka tena kutafuta maji, na Tai akahamia mahali pengine, amekasirika. Ndugu zake walimsifu sana. Pimbi alishukuru, akaendelea kuangalia angani, lakini usiku hakuwa akilala vizuri. Sifa si shule.

Siku moja, baada ya kengele ya mwisho, akasikia mawe yanaporomoka chini ya jabali. Go, go. Akachungulia. Nani anapanda? Mwalimu Punda. Punda si mbuzi, jamani. Anateleza, anashika, anateleza, anapumzika. Alifika juu anahema, magoti yamechubuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Kuna nini?"

"Marahaba. Nimeleta somo."

"Mwalimu, umechoka. Umefundisha kutwa."

"Nimechoka, ndiyo. Mtoni sina uwezo wa kukupeleka. Ninachokijua nitakupa hapa hapa. Kikiisha, tutatafuta wote wawili." Akajilaza juu ya jiwe. "Wewe angalia juu kama kazi inavyotaka. Masikio nipe mimi."

"Tunaanza na nini?"

"Jua," alisema Mwalimu Punda. "Siku ile tulisimama juani kutwa nzima, na hakuna aliyetuuliza tumejifunza nini."

Pimbi akaanza kucheka. Akacheka mpaka walinzi wa chini wakadhani anamtangaza Tai, wakaingia mapangoni, vup!

Na funzo ni hili, nalisema wazi kwa sababu sina nguvu za kuzunguka. Kitu ulichokitengeneza kwa ajili ya wenye kiu, kifungue kiu inapofika, hata kama zawadi itakupita. Itakuuma, usitegemee kwamba haitakuuma. Nawe unayesubiriwa, wewe wa ukutani, fika mapema. Unapochelewa, kuna mtu amesimama juani kwa ajili yako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na kiu, maji yako pale mlangoni. Nendeni mnywe, msimsubiri mtu.